Kanga Kwenye Tundu la Hewa

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za kupulizwa mtanielewa upesi, na nyinyi mliokulia kwenye redieta itabidi mnivumilie kidogo. Kule Woolwich, juu ya kilima, kaunsili ilijenga nyumba ambazo hazikuwa na redieta hata moja. Katikati ya nyumba, ukumbini, palikuwa na kabati refu la bati, na ndani yake mna moto wa gesi na feni. Feni ilivuta hewa ya nyumba kupitia tundu kubwa lililokuwa ukutani hapo hapo ukumbini, ikaipitisha kwenye joto, kisha ikaipuliza vyumbani kupitia matundu madogo yenye wavu wa chuma. Mama hakujishughulisha na jina lake la Kizungu. Aliliita Bwana Mkubwa, kwa sababu lilinguruma wakati wowote lilipotaka na hakuna kati yetu aliyethubutu kulifungua.

Bado naijua harufu ya siku ya kwanza Bwana Mkubwa alipowashwa baada ya kiangazi. Vumbi la miezi yote lilikuwa likiungua kwa pamoja, na nyumba nzima ikanuka pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Sisi tuliipenda. Maana yake ni kwamba asubuhi ya pili, kabla ya skuli, mimi na mdogo wangu Rahma tutagombania tundu la sebuleni. Aliyewahi alikaa juu ya wavu, akajifunika kanga mpaka kichwani, na hewa ya moto ikaingia kwa chini ikamvimbisha mpaka akawa mviringo kama andazi. Aliyechelewa alibaki akitetemeka kwenye zulia akisubiri zamu yake. Jumamosi mama alituondoa sote wawili, akaweka bakuli la unga wa maandazi pale tulipokuwa tumekaa, na unga ukaumuka upesi kuliko ulivyokuwa ukiumuka Unguja. Jambo hilo mama alilikubali kwa shida sana.

Siku hizi Hanifa, binti yake Rahma, anawasha joto kwa simu akiwa bado ndani ya basi anarudi kutoka chuo. Anafika nyumbani, nyumba ishapata moto, anavua viatu na kulalamika kwamba kuna joto. Hajawahi kugombania tundu na mtu. Namtazama nasema moyoni, mtoto huyu kapewa kila kitu isipokuwa baridi ya kumfanya akithamini.

Kitu kimoja tu kilitushinda katika nyumba ile, nacho ni ukavu. Hewa ya Bwana Mkubwa ilikuwa haina tone la maji. Midomo ilipasuka, mlango wa chumbani ulijikunja ukawa haufungi, na mama alikuwa akitupaka mafuta ya nazi puani kila asubuhi kwa ncha ya kidole, akisema, "Joto la kwetu lina maji ndani yake. Hili limekaangwa." Lakini sisi watoto tulipata faida. Kwenye nyumba kavu namna ile, ukiburuza soksi za sufu juu ya zulia la nailoni kisha ukamgusa mwenzio sikioni, cheche inaruka. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu mkubwa wa baridi, kupigana umeme. Nilikuwa bingwa. Nilijua kona gani ya zulia ina nguvu zaidi na jezi ipi ya skuli inashika vizuri. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani na alitaka nisome uhasibu, lakini nadhani zulia lile lilishaniamulia. Leo mimi ni fundi umeme, nina gari langu la kazi lenye jina langu ubavuni, na wateja wangu wengi wanapofungua mlango hutazama nyuma yangu wakimtafuta mwanamme ambaye ndiye fundi.

Basi Rahma alikuwa na kifua. Mimi nilikuwa mkubwa, mnene, mzima wa afya, nakula chochote kilichobaki sahanini. Rahma alikuwa mwembamba na anakohoa. Tulilala chumba kimoja, vitanda viwili, na kitanda chake ndicho kilichokuwa karibu na tundu. Kila siku baada ya magharibi mama aliingia chooni na upande mmoja wa kanga, akaurowesha ndani ya beseni, akaukamua kwa mikono miwili, kisha akaja chumbani kwetu kuutundika kwenye kamba aliyoifunga mbele ya tundu, juu kidogo ya kichwa cha Rahma. Hewa kavu ilipita kwenye kanga ikatoka na ubaridi wa maji. Mama alisimama pale dakika nzima, akauinamia uso wa Rahma, akasikiliza kifua chake, akamvutia shuka mpaka kidevuni. Kisha akanigeukia mimi na kusema, "Na wewe lala."

Hayo tu. Na wewe lala.

Nilikuwa na wivu na kanga ile kuliko nilivyowahi kuwa na wivu na kitu chochote. Wenzangu skuli walikuwa na wivu wa baiskeli, mimi wangu ulikuwa wa kitambaa kilichorowa. Nililala namtazama Rahma akipepewa na kanga ya mama, matone yakidondoka kwenye sahani iliyowekwa chini. Nikajaribu kukohoa. Nilikohoa kwa bidii, nikabadilisha sauti, nikatia na mlio kidogo mwishoni kama wa Rahma. Mama alisimama mlangoni akasikiliza mpaka nilipomaliza, akasema, "Kikohozi chako hicho kina njaa, Asya. Kuna mkate wa mofa jikoni." Nilikwenda nikala mkate nikilia, na Rahma akanicheka mpaka akashikwa na kikohozi cha kweli, na mama akarudi tena kwake.

Nawaeleza haya ili mjue hali niliyokuwa nayo msimu huu wa baridi uliopita, nikiwa mwanamke wa makamo na leseni yangu mfukoni.

Nyumba ile Rahma aliinunua kaunsili ilipokubali kuuza, naye ndiye aliyebaki na mama baada ya baba kutangulia. Mimi nina fleti Lewisham, inayotazama reli. Nina vyumba viwili, kimoja nimekitengeneza cha mama. Nimetia kitanda kisichokuwa kirefu ili asipate tabu kushuka, mswala mpya, taa ya pembeni ambayo nimeifungia swichi mahali mkono wake utakapofika akiwa amelala. Kila nikimwambia aje akae kwangu, anajibu, "Inshaallah, mwanangu," kwa ile sauti ambayo kila mtoto wa Kizanzibari anajua maana yake ni hapana. Nyumbani kwa Rahma anakuwa na Rahma, na Hanifa, na soko la Woolwich, ambako kila muuza mihogo anamwita Mama na kumuongezea kimoja. Kwangu atakuwa na mimi, nami naondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Msimu huu mama akaanza kutokwa na damu puani. Si nyingi, lakini kila siku, na kwa umri wake si jambo la kuchezea. Daktari alimpima, akasema hakuna ugonjwa, ni ukavu wa hewa ya nyumba. Rahma akanipigia simu kunieleza, na nikashikwa na furaha ya haramu. Namuombea mama afya kwa ulimi, huku moyo wangu unakipanga upya kile chumba, unahamisha taa, unafikiria pazia. Kwangu kuna redieta, na redieta haimpulizi mtu usoni.

"N'shaagiza mashine," Rahma akasema. "Humidifier, ya kutia unyevu nyumba nzima, inafungwa pale pale kwenye heating. Imetoka Amerika. Wao nyumba zao zote za kupulizwa, wana experience nayo. Sasa wewe njoo utufungie."

Nikaenda nikaufunga mlango wa kile chumba.

"Asya, upo?"

"Nipo."

"Mama amesema hataki fundi mwengine aingie ndani ya kabati lake."

Mnaona mambo hayo. Nimeitwa kufunga kwa mikono yangu mwenyewe kitu kitakachomzuia mama asije kwangu. Na amenitaka mimi kwa jina, kwa hiyo kukataa sikuweza.

Nilikwenda Jumamosi. Bwana Mkubwa wa sasa si yule wa zamani, huyu ni mdogo na ana sauti ya chini, lakini kabati ni lile lile, na ndani ya mlango bado kuna alama za penseli ambazo baba alitupimia urefu. Gesi sikuigusa, gesi ina watu wake, na Rahma alishamleta mmoja akaikagua. Mashine yenyewe ni boksi lenye pedi ndani. Maji yanadondoka juu ya pedi, hewa ya moto inapita kwenye pedi inachukua unyevu, na maji yanayozidi yanashuka kwa mpira mpaka kwenye bomba la kutolea. Nilipoitazama vizuri nikacheka peke yangu. Ilikuwa kanga ya mama iliyotiwa ndani ya boksi.

Kazi ya umeme ni kuifundisha mashine adabu, ifungue maji pale tu ambapo feni inavuma na nyumba ni kavu. Waya unatoka kwenye transfoma, inayoushusha umeme wa ukutani ukawa mdogo, unapita kwenye swichi inayosikiliza feni, unapita kwenye kipima unyevu, ndipo unafika kwenye vali ya maji. Kimoja kati ya hivyo kikikataa, maji hayaji. Transfoma iliyokuja na boksi ilikuwa ya umeme wa Amerika, nikaiweka kando nikatia ya hapa. Kipima unyevu nilikifunga ukutani, juu kidogo ya lile tundu kubwa la ukumbini, kwa sababu hewa ya nyumba nzima inavutwa kupitia hapo. Ni mahali pazuri, kitabu chenyewe kinapasifu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni mlangoni pa kabati, mikono mapajani, ananisimamia. Hanifa alitoka chumbani mwake kuja kutazama, amejitanda upande wa kanga uliopauka juu ya sweta lake la kofia, masikio yameziba kwa vile vitu vyao vya muziki. Akairuka mikoba yangu, akaelekeza simu kwenye kipima unyevu.

"Auntie, can I control it from my phone?"

"Mimi ni mama yako mkubwa, si auntie. Na hii haina simu. Inahisi yenyewe."

"That's so old school," akasema, akiihurumia kwa ukale wake, akarudi kulala.

Nikakata umeme, nikaunga, nikapima kwa mita, nikawasha. Feni ikavuma, vali ikalia tik, maji yakaanza kutembea kwenye pedi. Rahma akanikumbatia. Mama akainuka akaweka kiganja mbele ya tundu la sebuleni, akakiweka muda mrefu kama mtu anayepima uji wa mtoto.

"Inshaallah," akasema.

Niliendesha gari kurudi Lewisham nikiwa nimeifanya kazi yangu vizuri na sina raha hata kidogo.

Wiki mbili hazikupita, Rahma akapiga simu. "Asya, machine yako haifanyi kazi. Mama anatokwa na damu tena. Pad kavu, mpira mkavu, hakuna tone. Mimi siwezi kumuona hivi kila siku, wallahi siwezi." Akavuta pumzi, na nikakisikia kifua chake kwenye simu. "Njoo utazame mara ya mwisho. Ikishindikana, mchukue. Nishamwambia, na yeye amekubali."

Amekubali. Nililirudia neno hilo njia nzima. Hospitali ya Lewisham ikapita, kilima cha Blackheath kikapita, mimi nawaza pazia.

Nilifika adhuhuri. Nikawasha feni kwa mkono, nikageuza kipima unyevu, vali ikalia tik na maji yakaja. Nikazima, nikawasha tena, yakaja. Nikapima kila waya, nikakaza kila skrubu ambayo ilikuwa tayari imekazwa. Mashine haikuwa na kosa lolote. Nikamuuliza Rahma joto linawashwa lini. Akasema mchana hawawashi, bei ya gesi mnaijua, huwashwa magharibi watu wanaporudi. Basi nikasema nitangoja magharibi. Rahma akaingia jikoni, mimi nikakaa chini ukumbini, mgongo ukutani, pale pale tulipokuwa tukipigana umeme.

Desemba giza linaingia mapema. Hanifa akaja kutoka chuo, akapita akaingia chumbani. Bwana Mkubwa akanguruma. Mama akasali, akatoka, akaingia chooni. Nikasikia maji ndani ya beseni. Nikasikia kitu kinakamuliwa, na mwili wangu wote ukakijua kitu hicho kabla akili haijafika. Mama akatoka ameshika upande wa kanga, umelowa, umekunjuliwa. Hakunitazama. Akaupachika juu ya tundu kubwa la ukumbini, pindo la juu likiwa limening'inia kwenye kipima unyevu changu kama kwenye msumari, akarudi nyuma hatua moja kuona kama umekaa sawa.

Vali ikalia tik. Mashine ikajizima.

Nilibaki nimekaa chini. Kipima unyevu kilikuwa kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha maji. Kwa hesabu yake nyumba ile ilikuwa ndani ya mvua ya masika. Kila siku mama alikifunika joto linapowashwa, na kanga ilipokauka joto lilikuwa lishazimwa, asubuhi akaiondoa, na mimi nilikuja mchana nikakuta kila kitu kizima.

Na hapo shetani akanikalia begani kwa uzuri kabisa. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama, kupangusa mikono, na kusema mashine imeshindikana. Mfuko wa mama ulikuwa ushafungwa, niliuona mlangoni mwa chumba chake. Nusu saa baadaye tungekuwa Lewisham.

"Mama," nikasema, "unafanya nini?"

"Natia maji kwenye hewa. Zamani nilikuwa nikitundika chumbani. Sasa nimekuona wewe unafunga vitu vyako hapa, ukasema hewa yote inapita hapa. Basi nikaona hapa ndipo, nyumba nzima kwa mara moja."

"Lakini hii mashine ndiyo kazi yake. Nimeifunga kwa ajili ya pua yako."

"Pua yangu si kitu. Hii ni ya Rahma. Hujasikia kifua chake mwaka huu?"

Rahma ana miaka hamsini kasoro. Alikuwa jikoni anapika, na mama yake, ambaye anatokwa na damu, alikuwa anamroweshea kanga. Ule wivu wa utotoni ukapanda ule ule, haukupungua hata punje, na nikasikia sauti yangu ikisema jambo ambalo sikulipanga.

"Na mimi? Miaka yote ile chumba kimoja, hewa ile ile. Mbona mimi hukunitundikia hata siku moja?"

Rahma akatokea mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchuzi una chumvi.

"Kwani kanga inauzwa upande mmoja?" akasema. "Kanga ni doti. Upande mmoja nikiutia maji, wa pili ulikuwa wapi?"

Akaninyooshea kidole.

"Huo ulikuwa umejifunika wewe. Kila siku nikikufunika wewe, ushalala. Wewe ulikuwa unalala kabla sijamaliza kusema lala. Nikirudi kutazama maji ya mwenzio nakukuta ushautupa, nakufunika tena."

Mwiko wa Rahma ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye zulia. "Mimi nilikuwa nikilia nikitaka huo," akasema. "Mkavu. Una harufu ya udi. Mimi nalala na baridi ya maji kichwani, tone, tone, tone, namtazama mama anakufunika wewe unakoroma. Nilikuwa na wivu na wewe, Asya, mpaka nikakuchukia."

Tukatazamana, wanawake wawili wazima. Nikaikumbuka kanga ile kavu. Nilikumbuka pindo lake jeusi mdomoni mwangu asubuhi, na mara ngapi niliamka nimejizonga nayo miguuni nikaivuta kwa hasira kuitupa chini, ili nimtazame Rahma na kanga yake.

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliniondoka. Haukuniondoka, ulibadilisha kiti tu. Lakini nilisimama.

Nilimwambia mama apumzishe kanga hiyo, mashine itatosha. Akaniuliza, "Mashine inamjua Rahma?" Basi nikaacha maneno. Nilikwenda garini nikaleta waya, nikakitoa kipima unyevu ukumbini, nikavuta waya juu ya fremu ya mlango, nyuma ya ubao, mpaka ndani ya chumba cha mama, nikakifunga ukutani mbali na tundu, mahali ambapo mkono wake hauwezi kutundika kitu. Sasa mashine inasikiliza hewa anayovuta yeye. Ukumbini nikamfungia ndoano mbili za shaba pembeni ya lile tundu kubwa, ili kanga yake ikae bila ya kuziba pumzi ya Bwana Mkubwa. Nilipowasha, vali ikalia tik na maji yakatembea, na kanga ya mama ikapepea pembeni yake, vyote viwili kwa pamoja. Rahma akauchukua ule mfuko mlangoni akaurudisha ndani. Nilimuona. Nilijifanya nakunja waya.

Damu imekatika. Mama mzima. Chumba cha Lewisham kimebaki na taa yake nzuri na hakuna mkono unaoifikia swichi.

Siku ile kabla ya kuondoka nilimuomba mama ule upande mkavu. Nilisema kwa mzaha, lakini sikuwa nikitania. Nilisema kwangu redieta nazo zinakausha kidogo, nipe niende nao. Mama akasita. Kisha akaonesha kwa kidevu upande wa sebuleni, na ndipo nilipoona kile nilichokipita siku mbili nzima za kazi. Hanifa alikuwa amelala kwenye kochi na simu kifuani, joto la kutosha, mashine inamnyevushia hewa, na mwilini amefunikwa upande wa kanga uliopauka, pindo jeusi limefika mdomoni.

"Zimepita doti nyingi tangu zile zenu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni yake."

Enzi zetu tulikuwa hatuna kitu kinachohisi hewa. Alikuwepo mtu mmoja na beseni, na sikio lake mlangoni. Watoto wa siku hizi wana kipima cha unyevu, na kipima cha moshi, na saa ya mkononi inayowaambia wamelala vipi, na bado Hanifa akapata na huo upande wa kanga juu yake. Nilisimama pale na mkoba wangu wa zana nikamuonea wivu mtoto wa watu mpaka macho yakaniuma.

Akafumbua jicho moja, akaniona. Nikamuuliza kwa Kiswahili, amejifunika nini. Akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza.

"Dunno," akasema. "It's just always here." Hajui, eti upo tu siku zote.

Akageukia upande wa pili, akautupa kwa mguu, akalala. Na mama, ambaye magoti yanamuuma, alikuwa ameshainuka kitini.